Macho ya Wateuzi: Kutoka Barabara ya Ngong hadi Indianapolis

Mnamo Julai 2013 klabu ya Indianapolis Colts, mojawapo ya timu 32 za ligi kuu ya futiboli ya Marekani, NFL, ilimsajili kijana wa Nairobi ambaye hakuwa amecheza hata mechi moja ya mchezo huo maishani mwake. Jina lake Daniel Adongo. Alizaliwa Nairobi mwaka 1989, akalelewa na raga, na raga ikampeleka Afrika Kusini, kisha New Zealand alikochezea Counties Manukau. Urefu wake ulikaribia mita mbili, uzito ulipita kilo 115, na kwa mtu wa mwili huo alikuwa mwepesi wa miguu. Ryan Grigson, meneja mkuu wa Colts, hakuwa na rekodi yoyote ya futiboli ya kumsomea. Alichokuwa nacho ni mwili wa kijana, raga aliyoicheza, na imani yake mwenyewe.

Katika kikosi hicho hicho alikuwamo Andrew Luck, naye mzaliwa wa 1989, aliyemtangulia Adongo kwa mwezi mmoja tu. Luck alikuwa kwotabeki, mwelekezi wa mashambulizi yote ya timu. Colts walikuwa wamemchagua wa kwanza kabisa katika drafti ya Aprili 2012, akitokea Chuo Kikuu cha Stanford, na ni vijana wachache wa kizazi chake waliochunguzwa kama alivyochunguzwa yeye. Kila mpira aliourusha chuoni ulikuwa umetazamwa na kutazamwa tena. Basi timu moja ilikuwa na vijana wawili wa umri mmoja: mmoja amepimwa kwa kila kipimo kinachojulikana, mwingine amekadiriwa kwa macho.

Kumkadiria kijana kabla hajawa mtu mzima wa mchezo ni kazi yenye uzito kuliko inavyosemwa. Anayekadiria hutabiri miaka ya mwenzake. Akisema ndiyo, anamhamisha nyumbani, shuleni, pengine hata barani mwake. Akisema hapana, huenda kipaji kikapotea bila mtu kukijua. Nairobi imeifanya kazi hii kwa zaidi ya miaka sabini, hasa katika viwanja vya magharibi mwa jiji, na historia yake inafundisha jambo ambalo hata Wamarekani, pamoja na vyombo vyao vyote, wamelijifunza kwa gharama kubwa.

Mizani ya Wamarekani

Drafti ya NFL ilifanyika mara ya kwanza mwaka 1936, mjini Philadelphia. Kanuni yake ni nyepesi: timu iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita ndiyo hutangulia kuchagua kati ya wachezaji wanaotoka vyuoni, ili ligi isitawaliwe na matajiri wachache. Aliyechaguliwa wa kwanza mwaka huo, Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, hakucheza hata mechi moja ya ligi. Hawakuelewana kuhusu malipo, akaenda zake. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza ilionekana kwamba kumchagua mtu ni jambo moja na kumpata ni jambo jingine.

Hakuna nafasi inayowaumiza wateuzi vichwa kama ya kwotabeki. Msomaji wa raga amfikirie namba kumi, yule anayepokea mpira nyuma ya mafowadi na kuamua kama timu itapiga teke, itapitisha au itakimbia. Ila kwotabeki hushika mpira karibu katika kila hatua ya shambulizi, na hupata sekunde chache mno za kuisoma safu ya wapinzani, kumtafuta mwenzake aliye huru na kurusha, huku watu wenye kilo mia na ushei wakimjia mbio. Mkono wenye nguvu unaonekana kwa macho. Uamuzi wa ndani ya sekunde hizo hauonekani mpaka ufanyike.

Tangu 1987 vijana wa vyuoni huitwa Indianapolis kila mwaka kabla ya drafti, wapimwe. Hupimwa urefu, uzito na upana wa kiganja. Hukimbia yadi 40, yaani mita 36 na nusu hivi, huku saa ikihesabu hadi sehemu ya mia ya sekunde. Huruka juu, huruka mbele. Makwotabeki hurusha mipira mbele ya makocha wa ligi nzima, kisha huingizwa katika vyumba vya mahojiano, wakaulizwa waliona nini katika mechi waliyocheza miezi iliyopita na kwa nini walirusha walikorusha.

Mizani hiyo imewahi kudanganya vibaya. Mwaka 1998 Colts ndio waliotangulia kuchagua, na mbele yao walikuwapo makwotabeki wawili: Peyton Manning wa Tennessee na Ryan Leaf wa Washington State. Wapo waliomwona Leaf kuwa bora, kwa nguvu za mkono wake. Colts wakamchukua Manning, San Diego wakamchukua Leaf kwa chaguo la pili. Manning alitangazwa mchezaji bora wa ligi mara tano. Leaf hakumaliza miaka mitano katika ligi. Miaka miwili baadaye Tom Brady wa Michigan alikimbia zile yadi 40 kwa sekunde 5.28, mwendo wa mtu anayewahi gari, na timu zote zikampita mara kadhaa mpaka New England ilipomchukua akiwa wa 199. Akastaafu na ubingwa mara saba.

Vipimo vya siku ile havikuwa vya uongo. Brady alikuwa mzito wa miguu kweli, na mkono wa Leaf ulikuwa na nguvu kweli. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kijana alivyo siku ya kupimwa ndivyo atakavyokuwa, na kwamba pale anapopelekwa hapana mchango wowote.

Nairobi ya wachache

Raga iliingia Kenya pamoja na walowezi na maafisa wa serikali ya kikoloni mwanzoni mwa karne ya ishirini. Nondescripts, klabu kongwe ya Nairobi, ilianzishwa mwaka 1923. Mwaka 1931 ilifunguliwa Prince of Wales School huko Kabete, na mwaka 1949 ikafuata Duke of York School kuelekea Dagoretti. Zote mbili zilikuwa shule za wavulana wa Kizungu, na zote mbili zilifundisha raga kama zilivyofundisha hesabu. Viwanja vyao vilikuwa magharibi mwa mji, mahali penye hewa baridi, mvua ya kutosha na udongo mwekundu unaoshika nyasi vizuri.

Mnamo Septemba 1955 timu ya Uingereza na Ireland, British Lions, ilipitia Nairobi ikirudi kwao kutoka Afrika Kusini, ikacheza na timu ya Afrika Mashariki na kuifunga 39 kwa 12. Mwaka 1962 Lions walirudi, wakashinda 50 kwa bila. Wateuzi wa Afrika Mashariki walikuwa wamechagua watu bora waliowajua: walowezi, wanajeshi, watumishi wa serikali. Mwamba ngoma huvutia kwake, na wateuzi hao walivutia kwao bila kuona kwamba kuna kwingine.

Tukumbuke hali ya mji wenyewe. Kenya ilikuwa katika hali ya hatari tangu Oktoba 1952. Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, majeshi ya Uingereza yaliizingira Nairobi, yakakamata maelfu ya wanaume Waafrika na kuwapeleka vizuizini. Vijana wenye umri hasa wa kucheza raga walikuwa wakipekuliwa vitambulisho barabarani, au wamekalia ardhi nyuma ya seng'enge. Kati yao walikuwamo, bila shaka yoyote, wenye mbio, wenye mikono mizuri, wenye akili ya kusoma mchezo. Hakuna aliyewatazama kwa jicho hilo. Katika hesabu ya mteuzi wa mwaka 1955 hawakuwapo kabisa.

Ndiyo sababu matokeo ya 1955 na 1962 hayawezi kusomwa kama kipimo cha uwezo wa Afrika Mashariki. Yalipima uwezo wa watu wachache waliochaguliwa kutoka kwa watu wachache. Mteuzi hawezi kuona zaidi ya pale anaposimama, na wateuzi wa wakati ule walisimama mahali pamoja kwa makusudi.

Milango ya 1977

Baada ya uhuru wa 1963 shule zile zilifungua milango. Prince of Wales ikawa Nairobi School, Duke of York ikawa Lenana School. Majina ya wanafunzi yalibadilika lakini ratiba ya michezo ilibaki, na katika muda usiozidi miaka kumi wavulana Waafrika waliokuja na soka na riadha wakawa wanacheza raga kama mchezo wao. Lenana na Nairobi School zikawa mahasimu wa Kombe la Prescott, mashindano ya raga ya shule za sekondari. Chama cha raga cha Kenya nacho kikaundwa mwaka 1970.

Tatizo likahamia kwenye klabu. Kijana aliyemaliza shule akitaka kuendelea na raga alikuta klabu za zamani zenye baa, ada na desturi za wenyewe. Aliweza kuingia, lakini kuingia si kukaribishwa. Kijana wa miaka kumi na tisa anayekuja mazoezini kwa matatu na kuondoka bila kusemeshwa na mtu hawezi kuonyesha yote aliyo nayo, na mteuzi anayemtazama siku hiyo huandika kwamba hana makali.

Jibu lilikuja mwaka 1977, na lilikuja mara mbili. Katikati ya jiji, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliunda timu ya Mean Machine, ikaingia Kombe la Kenya, mashindano makuu ya klabu za raga nchini, na kulinyakua msimu ule ule wa kwanza. Vijana wa chuo, wengi wao wakiwa wamejifunza raga wakiwa kidato cha kwanza, waliwafunga watu waliozaliwa ndani ya mchezo. Mwaka huo huo ilizaliwa Mwamba, klabu ya wachezaji Waafrika iliyokuja kuweka makao yake Railway Club, kando ya kitovu cha jiji, ambapo mfanyakazi wa ofisini angeweza kufika kwa miguu saa kumi na moja jioni. Mwaka 1983 Mwamba nayo ikatwaa Kombe la Kenya.

Miaka hiyo michache ni somo kubwa katika historia ya uteuzi. Miili ya vijana wa Nairobi haikubadilika kati ya 1962 na 1977. Hawakuongezeka urefu wala mbio. Kilichobadilika ni kwamba palipatikana mahali ambapo kijana alitazamwa na watu waliotaka afaulu. Kipaji kilekile kilichokuwa hakionekani kikashinda ubingwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mmoja wa wachezaji wa kizazi kilichofuata, Eddie Rombo, alikuwa amekwisha kuvuka hadi Uingereza na kuchezea Leeds raga ya kulipwa ya wachezaji kumi na watatu.

Pembeni mwa uwanja

Anayetaka kuona wateuzi wa Nairobi wakifanya kazi aende Barabara ya Ngong. Pale upo uwanja wa chama cha raga cha Afrika Mashariki, RFUEA, makao ya klabu ya Kenya Harlequin. Impala wako barabara hiyo hiyo, Nondescripts wako Jamhuri, na Lenana iko mbele kidogo ukielekea Karen. Katika msimu wa shule au wakati wa mashindano ya wachezaji saba kila upande, utawaona walimu wa michezo na makocha wa klabu wakiwa wamesimama karibu na mstari wa pembeni, mbali na jukwaa. Hawapigi kelele. Wengine wana daftari, wengine hawana hata kalamu.

Mgeni hutazama mpira ulipo. Kocha mzoefu, akimchunguza namba kumi wa kidato cha tatu, humtazama kabla mpira haujamfikia. Je, mvulana ameinua kichwa kutazama safu ya wapinzani, au macho yake yameganda kwenye mpira unaokuja? Mwenye kuinua kichwa ameshaamua la kufanya kabla hajashika kitu. Mwingine atashika kwanza, kisha afikiri, na kufikia hapo amekwisha kuangushwa. Tofauti yao ni nusu ya sekunde, wala haionekani katika mbio za mita mia.

Kisha kocha hungoja kosa. Mwezi wa Aprili, mvua za masika zikinyesha, mpira huteleza kama sabuni na kila namba kumi huuangusha, tena mbele ya marafiki na wapinzani. Baada ya hapo wapo wanaoinamisha kichwa na kwa dakika kumi zinazofuata wakapitisha mpira haraka haraka ili usikae mikononi mwao. Yupo mwingine ambaye huurudia mchezo ule ule mara ya pili, akaufanya sawasawa. Huyo wa pili hata kama ni mfupi, hata kama ni mwembamba, jina lake litaulizwa baada ya mechi. Tena kocha mwenye busara atauliza zaidi ya jina: anaishi wapi, nani anamlipia karo, nauli ya kuja mazoezini Jumanne na Alhamisi itatoka wapi. Kijana wa Kawangware au Dagoretti aliye bora uwanjani anaweza kupotea kwa sababu ya nauli tu, na kocha asiyeuliza hilo amemkadiria nusu.

Walimu hawa ndio wenye maarifa makubwa kuliko yote katika historia hii, na ndio wasiotajwa. Hawana vyombo vya kuhesabu sehemu ya mia ya sekunde. Lakini wamemwona mtoto akiwa na miaka kumi na minne, kumi na mitano, kumi na saba. Wamemwona akishinda, akiumia, akifiwa, akifeli mtihani na kurudi. Mahojiano ya dakika chache katika chumba cha Indianapolis hayawezi kufikia hapo.

Ndugu wa Mwamba

Mwaka 1996 uwanja wa Barabara ya Ngong ulianza kuandaa Safari Sevens, mashindano ya kimataifa ya wachezaji saba kila upande. Mchezo huo uliwafaa Wakenya: uwanja ule ule mkubwa, watu nusu, nafasi tele ya kukimbia. Mtazamaji wa kawaida alihitimisha kwamba Mkenya ana mbio, basi. Wateuzi waliokwenda mbali zaidi ya hitimisho hilo ndio waliojenga timu.

Mwamba walikuwa na ndugu wawili, Humphrey Kayange na Collins Injera. Kayange, mkubwa wao, alikuwa mtu wa kemia na mtu wa hesabu za uwanjani; mpira wa juu ulikuwa wake, na wenzake walimtegemea kwa utulivu. Injera alikuwa mmaliziaji. Msimu wa 2008 hadi 2009 alifunga trai 42 na kuongoza wafungaji wote wa mfululizo wa mashindano ya dunia. Machi 2009, huko Dubai, Kenya chini ya kocha Benjamin Ayimba iliitoa Fiji 26 kwa 7 katika robo fainali ya Kombe la Dunia, kisha ikasimamishwa na Argentina 12 kwa bila katika nusu fainali.

Tarehe 17 Aprili 2016, Singapore, Ayimba akiwa kocha tena na Andrew Amonde akiwa nahodha, Kenya iliifunga Fiji 30 kwa 7 katika fainali, ubingwa wake wa kwanza katika mfululizo huo. Mwezi uliofuata, London, Injera alivunja rekodi ya trai nyingi zaidi iliyoshikiliwa na Mwajentina Santiago Gómez Cora. Mwaka 2021 Kayange aliingizwa katika Ukumbi wa Magwiji wa raga ya dunia. Mwaka huo huo, mwezi wa Mei, tulimpoteza Ayimba.

Tazama urefu wa muda. Kati ya nusu fainali ya Dubai na ubingwa wa Singapore ni miaka saba. Injera aliyevunja rekodi alikuwa mchezaji yule yule aliyeaminiwa akiwa kijana, akavumiliwa katika misimu mibaya, akarudishwa baada ya majeraha. Klabu yake ilikuwa ile iliyoanzishwa mwaka 1977 ili vijana wasikose mahali pa kukaa. Utabiri juu yake ulitimia kwa sababu waliotabiri walibaki naye.

Njia ya peke yake

Sasa turudi kwa Adongo. Tarehe 1 Desemba 2013, katika uwanja wa Lucas Oil, Colts walipowafunga Tennessee Titans 22 kwa 14, aliingia mchezoni na kuwa Mkenya wa kwanza kucheza mechi ya NFL. Nairobi ilishangilia, na ilikuwa na haki. Alikuwa amejifunza kuvaa vifaa vya mchezo, kusoma kitabu kizima cha mbinu na kukimbia kwa njia mpya katika muda wa miezi michache tu.

Walimpa kazi ya lainbeka, yule mlinzi anayesimama nyuma ya ukuta wa kwanza na kumwandama kwotabeki wa upande wa pili. Ni kazi ya kusoma. Mchezaji wa Kimarekani hufika NFL akiwa ameisoma tangu shule ya sekondari, mwaka baada ya mwaka, mpaka macho yake yanaijua hatua kabla haijaanza. Adongo aliombwa kuipata elimu hiyo akiwa ndani ya ligi kuu yenyewe, ambapo kila wiki timu huamua nani abaki. Alitumika hasa katika vikosi vya mipira ya mateke, penye mbio nyingi na maamuzi machache. Majeraha yakamwandama. Mwaka 2015 Colts wakaachana naye, akiwa amecheza mechi chache tu.

Baadhi ya watu walisema kwamba alikadiriwa vibaya. Mimi sikubaliani nao. Kilichokadiriwa, yaani mwili, mbio na ujasiri wa kukabili, kilikuwa kweli na kilionekana. Ambacho hakikukadiriwa ni muda. Miaka mitano baada ya usajili wake, Aprili 2018, Philadelphia Eagles walimchagua Jordan Mailata, mchezaji wa raga kutoka Sydney, akiwa wa 233, naye pia hakuwa amewahi kucheza futiboli. Lakini Mailata alikuja kupitia mpango wa ligi wa kuwaandaa wachezaji wa kigeni, ulioanza mwaka 2017, na Eagles wakamkabidhi kwa Jeff Stoutland, kocha wa ukuta unaomlinda kwotabeki. Misimu miwili mizima hakucheza hata mechi moja, alifundishwa tu. Mwaka wa tatu alianza kucheza. Februari 2025 alikuwa ukutani Eagles walipotwaa ubingwa wa Super Bowl kwa kuwafunga Kansas City Chiefs 40 kwa 22. Vijana wawili wa raga, miili mikubwa, mchezo mmoja mgeni. Mmoja alitengewa miaka ya kujifunza, mwingine alitakiwa ajifunze huku saa inahesabu.

Mfano wa tatu uko karibu na sisi kwa damu. Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, alizaliwa Indianapolis, akasoma sekondari huko huko, akaenda Boston College, na mwaka 2006 New York Giants wakamchagua wa 32 katika duru ya kwanza. Alicheza miaka tisa. Februari 2012 alishinda Super Bowl katika mji aliozaliwa, kwenye uwanja ule ule ambao Adongo angeingia mwaka uliofuata. Asili ya Afrika Mashariki haikumzuia kitu, wala haikumpa kitu. Shule, chuo na miaka ya kufundishwa ndivyo vilivyompa.

Na Luck, aliyepimwa kuliko wote? Wateuzi hawakukosea juu yake hata kidogo: akili, mkono, ujasiri, vyote alikuwa navyo. Ila Colts hawakumjengea ukuta wa kumlinda. Aliangushwa msimu baada ya msimu, bega likaharibika, akakosa msimu mzima wa 2017, na Agosti 2019 akastaafu kabla hajatimiza miaka thelathini. Grigson alikuwa ameondolewa kazini tangu Januari 2017. Kwa hiyo vijana wale wawili wa 1989, aliyepimwa kwa kila chombo na aliyekadiriwa kwa macho, waliangushwa na jambo lile lile. Waliowachagua waliwatazama sana wao, wakajitazama kidogo sana wenyewe.

Waje, lakini wajibu

Mwaka 2023 NFL ilileta kambi yake ya kusaka vipaji Nairobi, mwaka mmoja baada ya kuanza Ghana, katika mpango unaoongozwa na Osi Umenyiora, bingwa mara mbili wa Super Bowl aliyecheza pamoja na Kiwanuka katika Giants. Oktoba mwaka huo huo Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa iliikubali futiboli ya bendera, ile isiyo na kuangushana, katika michezo ya Los Angeles 2028, kwa wanaume na wanawake. Mchezo huo wa wachezaji watano kila upande hauhitaji kilo 115. Unahitaji mtu wa kurusha, mwenye kuinua kichwa mapema na kuamua upesi. Kwa mara ya kwanza kuna sababu ya mwalimu wa Nairobi kumtafuta kwotabeki miongoni mwa wanafunzi wake, msichana au mvulana.

Hili ni jambo jema, na tulipokee. Vijana wetu wana haki ya kulipwa wanachostahili, na dunia ina haki ya kuwaona. Lakini historia hii ya miaka sabini imetupa maswali ya kumuuliza kila mteuzi anayetua na kanda yake ya kupimia. Nani atamfundisha kijana huyu, na kwa miaka mingapi kabla ya kumhukumu? Akivunjika mguu mwezi wa nne, nani atamtibu na nani atamlipia masomo? Mkataba ukikatika, arudi wapi? Mteuzi asiye na majibu bado hajamkadiria kijana. Amemwona mwili tu.

Sisi nasi tuna deni letu. Walimu wa viwanja vya magharibi mwa Nairobi wanajua mambo ambayo hakuna kipimo cha Indianapolis kinachoweza kuyapata, na maarifa hayo huondoka nao wakistaafu. Chama cha raga na shule zenyewe zianze kuyaandika: kila msimu, kila mchezaji, alivyoanza na alivyobadilika, pamoja na alivyoishi nje ya uwanja. Rekodi ya miaka minne ya mwalimu mmoja makini ina thamani kuliko siku moja ya saa na kanda, na ikiwekwa mezani pamoja na mkataba, mwalimu huyo atakuwa na neno katika uamuzi unaomhusu mwanafunzi wake. Mwaka 1977 vijana wa Nairobi hawakungoja kuonekana. Walijenga mahali pa kuonekana, wakasimamia wenyewe nani atazamwe na kwa jicho gani. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa mabingwa wa Singapore, na ndiyo tunayopaswa kuifanya sasa kabla kambi nyingine haijafika.